Nyumba Aliyoizunguka Papa Guide

Nilianza kumtilia shaka kwa sababu ya Kiswahili chake. Watu wengine walimpenda kwa sababu hiyohiyo, mama yangu akiwa wa kwanza, lakini mimi nasema yangu. Siku niliyomwona mara ya kwanza nilikuwa kwenye duka la vyakula pale Chaussée de Wavre, mtaani Matonge hapa Brussels, nimeshika mfuko wa muhogo nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alisimama Mwarabu mwenye mvi, koti la kijivu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alichukua fungu la sombe, kisamvu chetu, akalinusa, akalirudisha. Kisha akamwambia mwenye duka, "Maman, hii sombe ni ya jana. Usinidanganye, miye nilikalaka Lubumbashi."

Duka zima liligeuka. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, na mwenye duka akaingia nyuma kumletea fungu lingine. Mimi nilimtazama mgongoni nikajiambia: huyu anauza kitu.

Naomba nieleweke. Mimi ni mkaguzi wa tiketi kwenye metro. Kazi yangu ni kusimama juu ya ngazi na kuangalia watu wakipapasa mifuko. Mtu mwenye hasira huwa ana tiketi. Anayenitabasamia kabla sijamfikia, anayeniuliza habari za familia, huyo ndiye ninayemwomba asogee pembeni. Sasa mtu anayewachekesha wanawake wa Matonge kwa lugha yao wenyewe, tena bila kuombwa, ningemfanyaje?

Na kweli alikuwa anauza. Alichouza kilikuwa ziara za kuongozwa katika kambi za wakimbizi wa Kipalestina kule Lebanoni, ambako alisema ndiko alikokulia. Kila majira ya kuchipua alikusanya kikundi cha watu hapa Brussels: walimu wastaafu, mapadri waliomaliza ujana wao Katanga kule Kongo na sasa hawawezi kutulia, wanafunzi wa chuo kikuu wenye mikoba mikubwa kuliko wao. Aliwapeleka, akawatembeza vichochoroni, akawarudisha wakiwa wameungua pua. Mama alimbatiza Papa Guide, yaani Baba Mtembezaji, na jina likamganda. Jina lake halisi silitaji, na sidhani angependa nilitaje.

Kiswahili alikipata kwenye kaunta. Kule Lebanoni, alisema, Mpalestina amefungiwa kazi nyingi, basi mfanyabiashara mmoja wa Kilebanoni alimchukua akamwajiri Lubumbashi, kwenye duka la masufuria na mabeseni. Kwa hiyo lugha yake ilikuwa lugha ya kushusha bei na kuapa kwamba bidhaa haivuji. Alikuwa na msemo wake mmoja, akiurudia kila alipoulizwa anatoka wapi hasa. "Kule Liban nilikuwa réfugié. Kule Lubumbashi nilikuwa muzungu. Huku Belgique niko Arabe. Banakupatia jina, bon, unaitika." Watu walicheka. Mimi niliona kwamba hajajibu swali.

Mama naye alijua habari za kambi, ndiyo maana alinaswa. Vita vilipofika kwetu Pweto, mpakani mwa Katanga, tulivuka tukaingia Zambia, tukakaa kambini miaka ya utoto wangu. Tulikuwa na sufuria moja. Siku moja waliletwa wageni kuona jinsi tunavyoishi, nao walikuwa na mtembezaji wao, kijana mchangamfu mwenye fulana mpya. Mgeni mmoja mwanamke, mwenye viatu safi, aliinama jikoni kwetu akafunua sufuria aone wakimbizi wanakula nini. Mama alikuwa anachemshia vitambaa vyake vya mwezi. Hatukuwa na chombo kingine. Yule mwanamke alipiga picha kabla hajaelewa, na alipoelewa akarudisha kifuniko, na yule kijana mchangamfu akawapeleka kwenye kibanda kinachofuata.

Mpaka leo, katika nyumba yetu ya ghorofa pale Anderlecht, mama anapika mlango wa jikoni ukiwa umefungwa. Hata mimi nagonga. Kisa hiki hajamsimulia mtu, nami nakijua kwa sababu nilikuwepo. Kwa hiyo Papa Guide alipoanza kuja kwetu, akila bukari ya mama, ugali wetu, na kusifu mkono wake, nilijua kitakachofuata. Nilikaa nikikisubiri.

Kilichelewa, kwa sababu mtu huyu hakuwa na haraka. Miaka ya kwanza alizungumza naye kuhusu Lubumbashi tu, duka gani lilikuwa kona gani. Aliposimulia kambi yake, alisimulia kama fundi. Mwanzo yalikuwa mahema, mwaka wa arobaini na nane, watu wakidhani ni wiki chache. Wengine walikataa hata kupanda mboga, maana kupanda ni kukubali kukaa. Kisha zikaja kuta za udongo na mabati, kisha saruji. Kambi haikuruhusiwa kupanuka, hivyo ilipanda juu: kijana akioa, baba anaongeza chumba juu ya paa, mpaka jua likaacha kufika chini. Nyaya za umeme na mabomba ya maji vilipishana juu ya vichwa, na watu walikuwa wakiinama bila kukumbuka kwamba wanainama. Kila mtaa uliitwa kwa jina la kijiji walichotoka, na mtoto ambaye hajawahi kukiona alikuwa anakuambia kwamba yeye ni wa kijiji hicho.

Mambo haya sikuyatilia shaka, niliyathibitisha mahali pengine. Nilichotilia shaka ni habari za nyumbani kwake. Mwaka mmoja, katika mkutano wa kuandaa safari, alisema bibi yake alitoka kijijini amebeba chekecheo tu, akiwa na haraka, mikate bado tanuruni. Mwaka uliofuata bibi alibeba kichwa cha cherehani. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma mara zote mbili. Nilimwambia mama. Yeye akamuuliza uso kwa uso, akimpakulia samaki.

"Papa Guide, mutoto yangu anasema bibi yako alibeba bintu mbili."

Hakushtuka. "Ile ya chekecheo ni ya majirani. Ile ya machine ni ya maman moja wa mutaa ya chini. Balinipatia ruhusa niseme."

"Na yako?"

"Yangu?" Akachukua mfupa wa samaki akautazama. "Yangu iko."

Mama aliridhika. Mimi huo ndio mtindo ninaousikia kila siku: tiketi ninayo, bwana, ila iko nyumbani.

Tena alikuwa mtu wa masharti, na masharti yake yaliniudhi kwa sababu yalikuwa mazuri. Wasafiri wake walipaswa kutembea mmoja nyuma ya mwingine, na mwenyeji akija, wote mgongo ukutani apite yeye kwanza. Ilikuwa marufuku kutazama ndani ya mlango ulio wazi, na marufuku kugawa pipi. Ukipewa kahawa, kunywa, hata kama tumbo linakataa. Na hakuna picha. Kamera zilikusanywa asubuhi na kupewa wenyeji, na wao ndio waliowapiga picha wageni. Alikuwa na albamu nzima ya picha hizo: padri mzee amekwama kati ya mabomba, mwalimu mstaafu kafumba macho mbele ya kikombe cha kahawa. Mama alicheka picha zile mpaka machozi. Mimi nilijiuliza ni mtu wa aina gani anayeweka masharti mengi namna hii, kama si mtu anayelinda kitu kisionekane.

Naye alikuwa na vigeugeu vyake. Aliwakataza watu kuonea huruma, lakini yeye mwenyewe alikuwa akilia hadharani kwaya ya Wakongomani ikiimba, na hata Mkristo hakuwa. Aliwafundisha wengine kunyamaza, naye mdomo wake haukupumzika kuanzia kituo cha metro cha Porte de Namur mpaka mwisho wa mtaa. Aliweza kugombana na muuza simu juu ya chaja, kisha akamnunulia kahawa.

Yule mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba aliyesafiri naye zaidi ya mara moja, ndiye aliyenipa nilichokuwa nakitafuta. Nilimuuliza, kama mzaha, nyumba ya Papa Guide kule kambini ikoje. Akasita. Aliniambia wameingia nyumba nyingi, wamekula kwa watu wengi, lakini kwake hawakufika hata siku moja. Waliomba. Mara aliwaambia inapakwa rangi, mara ngazi imevunjika. "Kuna kichochoro kimoja karibu na tangi la maji," akasema, "anapofika hapo huongeza mwendo."

Basi, nikamaliza hesabu zangu. Mtu huyu si wa kambi. Ni muuza masufuria aliyekusanya hadithi za wenzake, chekecheo huku na cherehani kule, akazigeuza kazi. Sikuwa na hasira naye sana mpaka safari ziliposimama.

Zilisimama kwa sababu ya vita kule Lebanoni, kama mnavyojua. Nikadhani naye atasimama. Badala yake alipata ghala tupu Anderlecht, mali ya chama kimoja cha mtaani, akaingia na utepe mweupe wa wapaka rangi, na kwa siku kadhaa akatambaa sakafuni kwa magoti. Aliichora kambi nzima, au tuseme kona yake moja, kwa vipimo vyake vya kweli. Vichochoro vyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani bila kugusana. Vyumba, ngazi, duka la mikate, tangi la maji. Kila mlango aliuachia nafasi kwenye utepe. Kisha akawa anawatembeza watu humo Jumapili mchana, kwa masharti yaleyale, mmoja nyuma ya mwingine, na watu wazima walikuwa wakibana mgongo kwenye ukuta usiokuwepo. Kahawa yenye iliki ilikuwa inawasubiri kwenye meza mwishoni.

Hapo ndipo kilipofika kile nilichokuwa nakisubiri. Alikuja kwetu amevaa koti lake, akakaa, akala, akanawa. Halafu akasema, "Maman, nilikuwa nawaza. Bantu banaona kambi yetu, banafikiri ni kambi moja tu ku dunia. Uje siku moja, ukae mwisho wa visite, useme na yako. Kidogo tu."

"Hapana," nikasema mimi.

"Sikuuliza weye."

"Ninajibu miye."

Mama alinitazama kwa jicho la kuniambia bado yu hai. "Kifaransa yangu ni ya sokoni," akamwambia. "Nitasema Kiswahili. Huyu atatafsiri."

Usiku ule hatukuelewana. Nilimkumbusha mgeni mwenye viatu safi. Nilimwambia kwamba watembezaji wote ni wamoja, fulana ni tofauti tu, na kwamba huyu wa kwake hata nyumba kambini hana. Yeye alikuwa anakunja nguo. Alisema tu kwamba amechoka kuogopa kifuniko. Nilijua kwamba akikaa kwenye kiti kile mbele ya wageni na kuisema sufuria, na wale wakatikisa vichwa na kwenda kuchukua kahawa, hatasimama tena akiwa mama yule ninayemjua. Nikakubali kutafsiri, kwa nia ya kuharibu. Nilipanga nimuumbue Papa Guide mbele ya watu wake kabla mama hajafungua mdomo.

Jumapili yenyewe mvua ilikuwa inagonga paa la ghala. Walikuja wastaafu, yule mwalimu akiwemo, na wanafunzi wachache. Hapakuwa na Mkongomani mwingine wala padri wa Katanga, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuelewa Kiswahili ila sisi watatu. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha wax cha sikukuu. Aliwekewa kiti karibu na meza ya kahawa, akakaa mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Papa Guide alianza. Nilitembea wa mwisho kwenye mstari, nikikagua. Alisimulia mahema, mabati, saruji. Alimsimamisha mwanafunzi mmoja aliyekuwa anakata kona kwa kuvuka utepe. "Bwana mdogo, umepita katikati ya kitanda cha watu," akamwambia kwa Kifaransa, na yule kijana akarudi akiwa mwekundu. Tukafika kwenye tangi la maji. Mbele yetu palikuwa na nyumba ndogo, mistari minne ya utepe, na nafasi ya mlango imetazama kichochoro. Papa Guide aliongeza mwendo. Akaizunguka, akaanza kuonyesha duka la mikate.

"Na hii?" nikauliza. Niliuliza kwa Kifaransa makusudi, wote wasikie. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Hapo hakuna kitu," akajibu bila kugeuka.

"Kama hakuna kitu, kwa nini umeiwekea mlango?"

Aligeuka. Mstari mzima uligeuka. Mwalimu mstaafu alitazama viatu vyake. Nilikuwa nimemkamata, nami najua jinsi uso wa mtu aliyekamatwa unavyokuwa: kwanza unatafuta njia ya kutokea, halafu unatafuta maneno. Wake haukutafuta chochote. Ulizeeka tu mbele yangu.

Kisha nikasikia kiti kikisogezwa. Mama alikuwa amesimama. Alikuja taratibu akifuata vichochoro, hakuvuka utepe hata mmoja, akapita pale tangini, akanipita mimi bila kunitazama. Alifika kwenye ile nafasi ya mlango akasimama. Hapakuwa na ukuta wala pazia, angeweza kuingia popote. Akasema, "Hodi."

Papa Guide alimtazama.

"Hodi," mama akarudia.

"Karibu, maman," akasema. Akaja, akaingia kwanza yeye, akamkaribisha kwa mkono. Mama alivua viatu, akaingia. Nikapiga hatua niwafuate, maana mkaguzi hasubiri.

"Weye, baki inje," mama akasema.

Nikabaki nje. Nilikuwa karibu nao kiasi cha kusikia kila neno, na wale wageni nyuma yangu walisikia sauti tu.

"Nani anakalaka humu?" mama akauliza.

"Maman yangu."

"Iko angali muzima?"

"Angali. Hapendi bageni. Kila mwaka nilikuwa napitisha bantu hapa mbele, naye anafunga dirisha. Anasikia sauti yangu inapita. Magaribi, bakisha kwenda kulala, njo narudia miye peke yangu."

"Juu ya nini hapendi?"

"Kikundi ya kwanza, niliingiza humu. Nilikuwa kijana, nilikuwa na furaha, nilitaka baone kwetu. Sikugonga, sababu ni kwetu. Alikuwa anaosha nywele. Nywele yake yote inje, na banaume bamesimama mu mulango. Mumoja alipiga picha." Akafuta uso kwa kiganja. "Hakunigombeza. Alifunika kichwa, akabapikia kahawa. Sasa sijui nitamuona tena wala hapana. Barabara imefungwa. Nilipomuchorea nyumba yake hapa chini, nikaona siwezi kuingia."

Mvua iliongezeka. Halafu mama akasema, kwa sauti ileile anayoniambia nilete chumvi, "Miye balifunua sufuria yangu."

Nilisubiri amuulize kulikuwa na nini ndani. Mtu yeyote angeuliza. Nilikuwa tayari kwa swali hilo, hata ngumi nilikuwa nimeikunja mfukoni. Papa Guide hakuuliza. Alitikisa kichwa tu, polepole, kisha akasema, "Basi, maman, leo usiseme kintu. Tutakunywa kahawa, utarudia kwako."

"Ntakaa hapa kwanza," mama akasema.

"Kaa."

Akakaa chini, sakafuni, miguu ameinyoosha, ndani ya ile mistari minne. Naye Papa Guide akakaa karibu naye, magoti yakilia. Walikuwa wametupa mgongo.

Nyuma yangu wageni walianza kunong'ona. Mwalimu mstaafu alinishika kiwiko. Yeye ndiye aliyeniambia habari za kichochoro kile, na alikuwa na haki ya kujua kuliko wote. "Samahani," akasema, "wewe unatafsiri, sivyo? Wanasema nini mle ndani?"

Nilimtazama usoni. Najua kutambua mtu mwenye nia mbaya, naye hakuwa nayo.

"Wanasema hapa hakuna kitu," nikamjibu.

Kisha nikaizunguka ile nyumba kwa nje, nikielekea kwenye duka la mikate, na wote wakanifuata, mmoja nyuma ya mwingine.